SUV ya familia inagonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali kuhusu mlio wa kugonga yanayokuja kila wakati kwa watu wenye SUV za familia, yani zile gari za juu za viti vitano au saba zinazobeba watoto, mizigo na wazee kwa pamoja. Nimeyajibu kwa jinsi ninavyoutafuta mlio mimi mwenyewe. Kuna kitu kimoja nitakirudia sana humu: usinunue spea yoyote kabla hujakiona kwa macho au kukishika kwa mkono kile kinachogonga.

Nasikia tu kitu kinagonga, sijui hata kinatokea wapi. Nianzie wapi?

Anza na lini, achana kwanza na wapi. Ukiwa ndani ya gari masikio yanadanganya sana maana bodi yote imeungana, kitu kikigonga mbele kushoto mlio unakimbia na chuma unaenda kutokea chini ya kiti cha dereva, na SUV ndo mbaya zaidi kwa sababu kule nyuma pako wazi kama pipa tupu, kila kitu kinavuma. Lakini lini haidanganyi.

Kama inagonga gari imesimama na injini inawaka, basi ni injini au vitu vilivyofungwa kwenye injini. Kama inagonga ukipita kwenye mashimo tu, nenda kwenye shokapu, linki, bushi (zile raba zinazokaa kati ya vyuma vya chini) na jointi. Kama mlio unaongezeka na mwendo wa gari hata ukiachia mafuta, angalia vitu vinavyozunguka, yani tairi, shafti na beringi. Kama ni ile "kong!" moja wakati unaingiza gia kutoka P kwenda D au R, hiyo ni habari ya maunti za injini, yani vile vishikio vya raba vinavyobeba injini, na propela shafti, lile chuma refu linalopeleka nguvu nyuma. Hapo tayari umeshapunguza kazi kwa zaidi ya nusu na hujafungua hata nati moja.

Alafu andika kwenye simu siku mbili tatu hivi: mwendo gani, barabara ya aina gani, injini ya baridi au ya moto, uko peke yako au umejaza watu, unakata kulia au kushoto. Hii ya kukata ni ya muhimu sana kwa sababu ukikata kulia uzito wa gari unalalia kushoto, na ukikata kushoto unalalia kulia, kwa hiyo mlio ukijitokeza upande mmoja tu wa kona unakuwa umeshaonyeshwa pa kuangalia. Na mchukue mtu mmoja akae nyuma, wewe endesha yeye asikilize, dereva huwa hasikii vizuri cha nyuma.

Kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe kabla sijaenda gereji?

Ndio, na cha kwanza kabisa ni nati za tairi. Kama gari ilitolewa tairi hivi karibuni, labda pancha au breki, na sasa inagonga kwa mpigo unaofuata mwendo wa tairi, simama pembeni sasa hivi uzikaze. Usisubiri ufike nyumbani. Nati zikilegea tairi inaweza kutoka gari ikiwa mwendoni. SUV nyingi zinataka kukazwa kati ya Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 100 na 140 lakini namba sahihi ya gari yako iko kwenye kitabu chake, na baada ya kufunga tairi zirudie tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100 kwa sababu huwa zinajikalia na kulegea kidogo.

Cha pili toa kila kitu kwenye buti. Kila kitu kabisa. Jeki ikilegea kwenye kikao chake inagonga utadhani shokapu imekatika, wili spana nayo vilevile, na spea tairi inayoning'inia chini ya gari kwa mnyororo ikiwa haijavutwa mpaka mwisho inapiga chesisi kila ukipita shimo. Kwenye gari ya viti saba ile safu ya tatu ikilazwa bila kujifunga vizuri kwenye loki yake inagonga sana, itikise kwa mkono utasikia. Mlango wa buti una vile viraba viwili vya pembeni vinavyouzuia usicheze, vikiisha au vikilegea mlango wenyewe unapiga fremu, mara nyingi vinazungushwa tu kwa mkono kuvirefusha.

Angalia na chini ya viti. Hii naisema kwa msisitizo, maana chupa ya mtoto inayobingirika chini ya kiti cha dereva sio kelele tu, siku moja itaingia chini ya pedali ya breki.

Inagonga "ko ko ko" kwenye vijishimo vidogo nikienda polepole, lakini nikipanda tuta kubwa iko kimya. Inakuwaje?

Hii naipenda kwa sababu maelezo yenyewe ni jibu. Mshukiwa wa kwanza ni stabilaiza linki.

Chini ya gari kuna chuma kirefu kilichopinda kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia, kazi yake ni kuzuia gari isilale sana kwenye kona. Ncha zake zinashikwa na linki fupi, kila linki ina vijoint viwili vidogo. Ukipanda tuta tairi zote mbili zinapanda pamoja, chuma kinazunguka tu kwenye bushi zake na linki hazibebi kitu, ndo maana kimya. Ukikanyaga kijishimo kwa tairi moja, upande mmoja unashuka mwingine umebaki, chuma kinajinyonga, linki inavutwa na kusukumwa haraka haraka, na kama jointi yake imeisha ndo hiyo ko ko ko.

Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa shokapu za mbele zimekufa, zikabadilishwa zote mbili, nikatoka pale na matumaini, tuta la kwanza kimya, kijishimo cha kwanza mlio uleule. Kesho yake asubuhi nikalala chini nikaishika linki ya kulia kwa vidole, ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Zile shokapu zilikuwa hazina kosa lolote, na kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeishika ile linki hata kwa sekunde kumi kabla ya kunipa orodha ya spea.

Kuipima gari iwe imesimama chini kwa tairi zote, au tairi zote mbili za mbele zimenyanyuliwa sawasawa. Ukinyanyua upande mmoja tu kile chuma kinajinyonga, linki inakaza na unaweza kudhani ni nzima. Itikise kwa nguvu juu na chini, mwingine aguse jointi kwa kidole. Kidole kinahisi kabla sikio halijasikia.

Ukitaka uhakika kabisa, fungua linki zote mbili, ile stabilaiza ifunge kwa waya isiguse kitu, alafu tembeza gari kwenye uwanja au sehemu tupu kwa mwendo wa mtu anayetembea, pitisha kwenye vishimo. Ikinyamaza umepata jibu. Usiingie nayo barabarani hivyo, kwenye kona italala vibaya.

Naweza kubadilisha hizo linki nyumbani?

Mwenye mkono wa spana anaweza, ila jiandae na kutu. Gari ilale sehemu tambarare, breki ya mkono imevutwa, tairi za nyuma umezizuia na mawe au vipande vya mbao, na ikishanyanyuka ikae kwenye stendi. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja, jeki zinateleza na watu wanakufa.

Kinachosumbua ni kwamba ukifungua nati, bolti ya jointi nayo inazunguka pamoja nayo na hufiki popote. Katikati ya ile bolti kuna tundu la pembe sita au la nyota, unaingiza ufunguo wake unaishika isizunguke huku spana inafungua nati. Kama tundu limejaa kutu na matope lichokonoe kwanza kwa kijiti cha chuma, piga brashi ya waya kwenye nyuzi, mwagia mafuta ya kulegeza kutu na usubiri kweli, sio dakika mbili. Likishaharibika tundu inabaki kukata kwa grainda tu. Linki mpya ifungwe na nati yake mpya, ile ya zamani haishiki tena vizuri. Na badilisha zote mbili za ekseli moja, zimetembea umbali uleule.

Ukiwa hapohapo angalia bushi mbili zinazoshika stabilaiza kwenye chesisi. Zikiisha tundu lake linakuwa refu kama yai na chuma kinacheza ndani. Usizipake grisi ya kawaida, mafuta yake yanaivimbisha raba inaharibika, kama kitabu cha gari kinaruhusu kupaka basi ni ile ya silikoni.

Ina maana shokapu hazigongi kabisa?

Zinagonga, ila sio mara nyingi kama zinavyosingiziwa. Shokapu iliyokufa kazi yake ya kwanza ni kuifanya gari idunde dunde, sio kugonga. Kandamiza kona ya gari kwa uzito wako wote uachie, ikipanda ikashuka ikatulia sawa, ikiendelea kudunda imeisha. Angalia kama imevuja oili mwilini, vumbi jepesi lenye unyevunyevu sio tatizo, oili inayochuruzika ndo tatizo. Inapogonga kweli mara nyingi ni nati ya juu imelegea au bushi ya chini imekula. Ukibadilisha, badilisha jozi.

Nikizungusha usukani gari imesimama nasikia kitu kama springi inajifyatua, "tang!" Ni nini?

Fungua boneti, mtu mmoja azungushe usukani taratibu toka mwisho hadi mwisho, wewe weka kiganja kwenye springi ya shokapu ukiwa umekaa pembeni, vidole viwe mbali na mapengo ya springi. Springi nzima inazunguka pamoja na tairi bila kusita. Kama inakwama kidogo, inajinyonga, halafu inaruka na unaisikia mkononi, beringi ya maunti ya juu ya shokapu imekufa. Ni kazi inayohitaji mashine ya kubana springi, na hapo ndo nakuomba umuachie mwenye mashine sahihi, springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua.

Kabla ya kufika huko tazama springi yenyewe mpaka mwisho wa chini. Springi nyingi zinakatika ile mizunguko ya mwisho, pale zinapokaa kwenye sahani, na kwa kuwa kipande kinabaki palepale mtu hakioni. Kona moja ya gari ikiwa chini kuliko nyingine, anzia hapo. Kipande chenye ncha kikisogea kinaweza kuchana tairi.

Nikishika breki inagonga mara moja, nikiondoka inagonga tena. Fundi anasema breki.

Inawezekana ni breki. Kalipa, yani kile kinachobana pedi kwenye diski, ikicheza kwenye pini zake au vile vibati vinavyoshika pedi vikiwa havijarudishwa, pedi zinahama. Jaribu hivi: pita kwenye barabara mbovu polepole huku umegusa breki kidogo tu. Mlio ukikata ulipogusa na kurudi ulipoachia, ni kitu cha breki kinacheza.

Lakini kama unaisikia miguuni, nzito, "du" ya chini, na gari inavuta pembeni kidogo ukibreki kwa nguvu, nenda kwenye bushi za kontroli amu, ule mkono wa chuma unaounganisha tairi na chesisi, hasa ile kubwa ya nyuma. Hii bushi inabeba msukumo wote wa gari kwenda mbele na kurudi, na SUV ni nzito, kwa hiyo inakula kweli. Nyingine zina majimaji ndani, ukiona alama ya maji meusi yaliyochuruzika kwenye amu ujue imepasuka. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya amu na chesisi usukume, raba nzima inanyumbulika na kurudi, iliyoisha inafunguka mdomo unaona mpasuko mpaka ndani.

Sasa hapa kuna kosa linafanyika sana na linaniuma kwa sababu mteja analipa mara mbili. Bushi za raba nyingi zimeshikana na chuma cha ndani na cha nje, hazizunguki, zinajinyonga tu. Ukikaza bolti za amu wakati gari iko juu na tairi zinaning'inia, raba inashikwa ikiwa kwenye hali ya kuning'inia, ukiishusha gari chini inajinyonga moja kwa moja na inaishi hivyo masaa yote, barabarani na hata ikiwa imepaki. Baada ya miezi michache imechanika, mtu analaumu spea. Bolti zishikwe tu kwanza, gari ishushwe ikae na uzito wake kwenye tairi, au amu inyanyuliwe kwa jeki mpaka urefu wake wa kawaida, ndo zikazwe mwisho. Muulize fundi kabla hajaanza. Akikuelewa umepata fundi.

Boli jointi nitaijuaje?

Boli jointi ndo ile inayounganisha amu na hab, yani kitovu cha tairi. Nyanyua tairi, shika juu na chini uisukume na kuivuta. Ikicheza mwambie mtu akanyage breki ujaribu tena, ikiendelea kucheza ni boli jointi, ikiacha ni beringi ya hab. Ukishika kushoto na kulia ikacheza, ni tairodi (fimbo inayosukuma tairi ikate kona) au reki ya usukani. Ila pa kuweka jeki panategemea springi imekaa wapi, kama springi inakalia amu ya chini basi jeki iwekwe chini ya amu hiyo ili jointi isibanwe, vinginevyo jointi mbovu inajificha. Kama springi iko kwenye shokapu iliyosimama, nyanyua bodi tairi ining'inie.

Boli jointi sio ya kusogezea mwisho wa mwezi. Ikichomoka tairi inalala chini ya gari na usukani hauna kazi tena. Ikishaonekana inacheza, gari ipaki.

Nikikata kona kali inalia "taka taka taka".

Sivii jointi ya nje, ile jointi ya mwisho wa shafti inayozungusha tairi. Tafuta eneo tupu, kata usukani mpaka mwisho, ongeza mafuta kidogo huku unazunguka. Tazama nyuma ya tairi, ile buti ya raba, yani kifuko kinachofunika jointi, ikiwa imechanika grisi nyeusi inakuwa imerushwa kwenye rimu na kwenye shokapu. Ukiwahi buti kabla mlio haujaanza unabadilisha raba na grisi tu, ukishasikia taka taka jointi imeshakula.

Kuna moja ya SUV hasa. Kama gari yako ina ile forwili ya kuwasha na kuzima na umeisahau imewashwa kwenye lami kavu, kwenye kona kali gari inaruka ruka na kugonga kama kitu kinavunjika. Tairi za mbele na za nyuma zinapita njia tofauti kwenye kona lakini shafti zimefungwa pamoja, kwa hiyo nguvu inajikusanya mpaka tairi iteleze. Izime. Na zile ambazo forwili yake inawaka muda wote hazipendi tairi zilizoisha tofauti tofauti, moja mpya tatu za zamani, inaitesa difu na transfa kesi, zile sehemu zinazogawa nguvu kwenye tairi.

Naingiza D au R inapiga "kong!"

Injini maunti. Breki ya mkono, breki ya mguu hadi mwisho, mtu asiwe mbele wala nyuma ya gari, aangalie injini toka pembeni wakati unahamisha toka D kwenda R. Injini ikiruka, maunti imekatika. Injini ikitulia bila kuruka, izime, ndo uende chini ushike propela shafti uizungushe huku na huku, krosi (jointi ya shafti hiyo) ikiwa imeisha utaona upande mmoja unatangulia mwingine. Wakati mwingine ni ule muunganiko wa kuteleza wa shafti umekauka, ukipigwa grisi unanyamaza.

Inagonga gari imesimama, injini inawaka. Naogopa.

Zima kwanza. Subiri dakika tano hadi kumi gari ikiwa sehemu tambarare, chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena usome. Kwenye gari nyingi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Kama oili haionekani kabisa usiiwashe tena mpaka umeongeza, na kama taa nyekundu ya oili iliwaka wakati inagonga, hata ukishaongeza usiiendeshe, ibebwe.

Kama oili ipo, sikiliza ni ya wakati gani. Inayogonga asubuhi ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto mara nyingi ni pistoni inacheza kidogo kwenye silinda yake, chuma kikipata joto kinatanuka pengo linaisha, gari nyingi zinaishi nayo miaka. Ila usichanganye na gasketi ya ekzosi inayovuja kwenye manifoldi, nayo inalia tik tik ya baridi na kupotea ikipata moto. Kelele ya sekunde mbili tatu tu ukiwasha halafu kimya, ni cheni ya taimingi au tenshena yake (kile kinachoikaza), hiyo usiiache ikae muda mrefu.

Inayotisha ni kinyume chake. Mlio mzito wa chini, "do do do", unaofuata resi, yani kasi ya injini kuzunguka, unaozidi injini ikiwa ya moto kwa sababu oili imekuwa nyepesi, na unasikika zaidi ukipandisha resi taratibu mpaka 2,000 au 2,500 halafu ukaachia. Hiyo ni beringi ya koni rodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Chomoa plagi ya waya ya injekta moja moja injini ikiwa sailensa, yani inawaka bila kukanyagiwa mafuta, silinda ambayo ukiichomoa mlio unapungua au kubadilika ndo yenyewe. Ukiwahi unaweza kuokoa krenki, ukiendelea kuendesha rodi inatoboa bloku.

Fundi amesema injini imekufa, nibadilishe nzima. Nikubali?

Sio leo. Kuna vitu vitatu vinalia kama koni rodi kabisa na vyote viko nje ya injini.

Fleksi pleti, ile sahani nyembamba inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, ikipasuka au bolti zake kwenye toki konvata zikilegea inagonga nzito vilevile. Dalili ni kwamba mlio unabadilika ukitoka P kwenda D. Gari nyingi zina kifuniko kidogo chini, kinafunguliwa, unaingiza tochi, unazungusha injini kwa mkono na kuangalia nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Kuna watu wameshushiwa injini nzima kwa sababu ya bolti za pale.

Cha pili puli ya krenki. Ina raba katikati, raba ikiachia duara la nje linayumba na kugonga. Iangalie ikiwa inazunguka. Cha tatu vitu vya mkanda, tenshena, alteneta, kompresa. Toa mkanda, washa injini kwa chini ya dakika moja maana kwenye gari nyingi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji. Mlio ukinyamaza, injini haijafa.

Nikipanda mlima inalia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.

Hiyo sio chuma kugonga chuma, ni mafuta kulipuka kwenye silinda mahali na wakati usio wake. Plagi imeshawasha, moto unasambaa, halafu mchanganyiko uliobaki pembeni unajilipua wenyewe kwa joto na mgandamizo. Punguza kukanyaga, shusha gia ili injini izunguke kwa kasi badala ya kuvuta kwa taabu. Tanki likiisha jaza petroli ya okteni iliyoandikwa ndani ya kifuniko cha mafuta. Ikiacha, tatizo lilikuwa mafuta. Isipoacha angalia kama injini inachemka, plagi ni za aina sahihi, kaboni imejaa, au nok sensa, ile inayousikiliza mlipuko huu, haifanyi kazi.

SUV ndogo za kisasa zenye tabo zina aina mbaya zaidi, pigo moja kubwa kwenye resi ndogo huku umekanyaga sana, linaweza kuvunja pistoni. Kwa hizo tumia oili yenye alama ya API SP, kiwango kilichoanza 2020 na kilichopimwa kwa tatizo hilo, ilimradi uzito wake ni ule wa kitabu.

Yangu ni dizeli, si zote zinagonga?

Zinagonga, ndo maana unatakiwa kuujua mlio wa yako ikiwa nzima. Ukisikia "ka ka ka" kali ya silinda moja mara nyingi ni injekta, weka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, itaonyesha silinda ipi inasahihishwa zaidi ya wenzake. Ule utaratibu wa zamani wa kulegeza paipu za injekta moja moja usiufanye kabisa kwenye dizeli za komoni reli, zile ambazo injekta zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa. Presha inaweza kuvuka bar 1,500, inatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na mtu anayepigwa na hiyo anahitaji upasuaji haraka hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Nimeshabadilisha vitu vingi na bado inagonga. Nifanye nini?

Simama kununua. Peleka gari kwenye lifti, au gari ikae kwenye stendi nne, safisha chini kwa maji siku moja kabla ikauke, halafu ingia na tochi bila spana yoyote mkononi. Tafuta alama. Vyuma viwili vinavyogongana vinaachana na rangi, vinang'aa kama shilingi mpya pale vinapokutana, au vinatoa unga mwekundu wa kutu kuzunguka bolti iliyolegea. Kagua bolti za sabfremu (fremu ndogo ya chini inayoshika amu), ngao ya joto ya ekzosi, viraba vinavyoning'iniza ekzosi, na kila bolti iliyoguswa na kila spea uliyobadilisha, maana mara nyingi mlio wa pili umezaliwa na kazi ya kwanza.

Shaka ikibaki, funga simu inayorekodi kwa tepu imara karibu na kila kona, mbali na tairi na ekzosi, pita barabara ileile kwa mwendo uleule mara nne, mara moja kila kona. Sikiliza zile rekodi nne kwa spika za masikioni. Kona yenye mlio mkavu na mkali kuliko nyingine, lala chini yake uanze kushika kitu kimoja kimoja.